Matufaha Matano ya Uani

Jumapili, 8 Septemba
Matano! Nimeyahesabu mara nne kabla ya chai. Miaka sita nimeubembeleza mtufaha huu kama mgonjwa, na mwaka huu umenizalia matufaha matano. Madogo, ya kijani, magumu. Lakini ni ya kale hasa, hayamo sokoni wala vitabuni.

Najua, kwa sababu kijiti nilikikata kwa Wifi. Naandika hapa tu. Wifi, dada yake Baba Watoto, ana mti wa marehemu bibi yao, tufaha ambalo ukiling'ata unasikia asali na mdalasini. Nimwombe? Mimi? Nimwombe mtu aliyesema mbele ya ukoo mzima kwamba mikono ya koti nililomshonea haikulingana? Ng'o! Nilikwenda kumsalimia, nikainama kama nafunga kamba za kiatu, mkasi wa kazi mkobani, chwap! Kichipukizi kinono, chini kabisa ya shina. Nikakichomeka uani kwangu, kikashika ndani ya wiki mbili. Mikono yangu ina baraka.

Jumamosi wanakuja Chama cha Matufaha ya Kale, watu watano, kuonja. Nafasi ya mwanachama mmoja iko wazi. Na anayeleta tufaha lisilojulikana, tufaha hilo huandikwa kwenye daftari la chama kwa jina lake. Jina langu! Miaka ishirini na sita nimekuwa fundi cherehani. Nguo zangu zinatembea mji mzima na hakuna anayejua nani kazishona. Nataka jina langu liandikwe mahali, basi.

Jumatatu, 9 Septemba
Wifi lazima aondolewe. Akionja tu, nimekwisha.

Nimemwambia Baba Watoto kwamba mama yake anahitaji kupangiwa kabati la nguo Jumamosi, kutwa nzima, na kwamba Wifi ndiye mwenye jicho la kupanga. Ampeleke yeye mwenyewe, abaki huko. Huyu naye namtaka mbali, maana hajui kudanganya hata kwa simu. Akasema sawa. Mama mkwe kapigiwa, kafurahi. Wifi kafurahi. Nani kama mimi!

Jioni nimeandika historia ya tufaha. Babu yangu alilibeba kifuani, akavuka nalo milima mitatu. Babu alikuwa karani wa posta na aliogopa hata ngazi, lakini wageni watajuaje?

Jumatano, 11 Septemba
Nimeonja moja. Jamani.

Ufizi ulinikunjamana. Jicho la kushoto lilijifunga lenyewe na halikufunguka mpaka nilipokunywa maji. Nikampa Baba Watoto kipande, nikamwambia atafute asali na mdalasini. Akatafuna mara moja, akatoka kwenda bombani, akakaa huko kitambo. Aliporudi akauliza kwa upole kama nina hakika ni tufaha.

Nimetulia, nimefikiri. Ladha ya kale ndivyo ilivyo. Watu wa zamani walikuwa na meno ya kazi. Hata hivyo, kusaidia kidogo si dhambi. Nimeyatoboa manne yaliyobaki kwa sindano yangu nyembamba, nikayalaza kwenye bakuli la asali.

Alhamisi, 12 Septemba
Sisimizi! Kutoka dirishani mpaka mezani, mstari mmoja, wamenyooka kuliko mshono wa mwanafunzi wangu yeyote. Tufaha moja wamelichimba mpaka kwenye mbegu. Hao hawakulalamika ladha.

Matatu yamepona. Nikayaosha kwa sabuni ya vyombo. Sasa yananukia ndimu. Nikayaosha tena kuondoa ndimu. Sasa yananukia ndimu na chuma. Nimeyapaka mafuta kidogo yang'ae, nikayaweka juu ya kitambaa cheupe. Kwa macho ni wafalme.

Jumamosi, 14 Septemba
Kalamu haitaki kuandika lakini nitaandika.

Wamekuja saa nne kamili. Mwenyekiti ni Daktari wa Meno, mtu mrefu anayekutazama mdomoni kabla ya kukusalimia. Nikawakalisha sebuleni. Nikasoma historia. Kwenye mlima wa pili mama mmoja akafuta machozi, nami nikajiona nimeshaandikwa.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Baba Watoto! Nyuma yake Mama mkwe, nyuma yake Wifi na kikapu. Baba Watoto akaeleza mbele ya wote, kwa furaha, kwamba Mama alipojua nina wageni na sina wa kunisaidia kugawa sahani, alikataa katakata kushughulika na kabati. Mama mkwe akanibusu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Sheria yao ni kufumba macho na kutafuna polepole. Wakafumba. Wakatafuna. Daktari aliacha kutafuna, akashika taya, akauliza kwa heshima sana kama kuna mtu amelifua tufaha hili. Yule mama wa machozi alilia tena, safari hii kwa sababu nyingine.

Wifi akachukua kipande bila kuambiwa. Akang'ata. Akacheka mpaka akakaa chini, kwenye zulia. Akaniuliza kama nilikata juu au chini. Nikajifanya hamnazo. Akawaeleza wageni kwamba mti wa bibi ni miti miwili iliyounganishwa: juu tufaha la bibi, chini shina la tufaha mwitu, kazi yake kuushikilia mti tu. Vichipukizi vya chini yeye huvikata kila mwezi na kuvitupa jalalani. Cha bibi hakishiki hata ukikichomeka ardhini mwaka mzima. Kisha akanigeukia akasema ningemwomba angenipa.

Baba Watoto akasema kumbe ndiyo maana siku ile niliinama kufunga kamba, na viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Kikapuni Wifi alikuwa na matufaha ya bibi, zawadi kwangu. Wakaonja. Daktari akafumba macho na hakuyafumbua. Nafasi kapewa Wifi, palepale, na daftari likaandikwa jina lake. Niligawa sahani. Niliumia, naandika wazi, niliumia sana.

Jumapili, 15 Septemba
Wifi kaja asubuhi, vijiti vinne vya bibi kwenye kitambaa kibichi. Akasema mtufaha mwitu wangu ni shina zuri ajabu, imara, ungetafutwa na wengi. Akaukata, akavichomeka kwenye shina, akafunga, akanionyesha kila hatua. Hakunisimanga hata kidogo. Nikalia. Nikamwomba msamaha, nikamwahidi kumshonea koti jingine, na mikono nitaipima mara tatu.

Basi nimeelewa. Mtu unaomba tu, unapewa. Miaka sita ya njama, na neno moja lingetosha. Kuanzia leo mimi ni mtu wa kuomba.

Isipokuwa kwa Daktari wa Meno. Wifi anasema nyuma ya kliniki yake kuna mtufaha mmoja ambao ukipasua tunda lake, ndani ni jekundu kama damu, na daftarini bado haujaandikwa kwa jina la mtu. Kumwomba yule, baada ya jana, haiwezekani, uso wangu nitauweka wapi? Lakini dirisha la chumba cha kusubiri linafunguka upande ule, na safari hii nitakata juu. Sijawahi kuumwa jino tangu nizaliwe. Nimepiga simu, nimewaambia naumwa vibaya, nimepangiwa Jumatano saa nne.