Sekunde Thelathini na Moja za Wimbo wa Mama

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimekuwa meneja wa muziki. Cheo sikupewa na mtu. Nimejipa mwenyewe ili kuokoa muda.

Dada yangu, fundi cherehani, amerekodi wimbo aliomtungia marehemu mama. Dakika nne na nusu, sauti yake na gitaa moja, basi. Dada hajui lolote kuhusu mtandao. Mimi najua yote, nimekuwa nikisoma tangu asubuhi. Nimemweleza kwamba siku hizi hakuna haja ya kumbembeleza mtangazaji wa redio. Unapeleka wimbo kwa kampuni ya usambazaji, nayo inaumwaga dunia nzima. Nikajaza fomu. Msanii: yeye. Mwenye akaunti: mimi. Barua pepe: yangu. Nenosiri: siri yangu.

Dada alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo hakuuliza mengi. Alipozitoa alisema jambo moja tu. Baba yuko peke yake kule nyumbani tangu mama afariki, na wimbo huu anausubiri kwa hamu. Nisije nikauchezea. Nimeapa kwa viapo vyote ninavyovijua.

Alhamisi, 6 Machi
Wimbo umetoka! Umesikilizwa mara nne. Mara moja ni mimi, tena nilikatizwa na mtu aliyenipigia simu. Mara tatu ni baba, kabla hajanywa chai.

Nikaenda kunyoa ili nionekane kimeneja. Kosa kubwa. Kinyozi wetu naye ni mwimbaji siku hizi. Ana wimbo wa kusifia ndevu zake mwenyewe, na umesikilizwa mara elfu kumi na moja. Alinitajia idadi hiyo nikiwa nimenyolewa nusu kichwa, nikashindwa hata kuondoka. Akauliza wa kwetu umefika ngapi. Nikasema bado tunahesabu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimegundua siri ya biashara hii. Ukiusikiliza wimbo chini ya sekunde thelathini, hauhesabiwi. Ukifika thelathini, umehesabiwa, hata ukiuzima papo hapo. Sasa kwa nini mtu apoteze dakika nne na nusu? Katika muda huo mtu mwenye akili anausikiliza karibu mara tisa.

Nikamwendea rafiki yangu Fundi Simu. Dukani kwake zimelala simu ishirini na mbili za wateja, zimeshapona, zinasubiri wenyewe. Mpango wangu: zote zipige wimbo wa dada, sekunde thelathini na moja, kisha tuanze upya. Ile moja ya ziada ni ya tahadhari. Fundi Simu akauliza kama huo si udanganyifu. Nikamjibu kwamba ni matangazo. Alikubali kwa sharti kwamba siku ya uzinduzi nimtambulishe kama mhandisi wa sauti.

Jumamosi, 8 Machi
Kutwa nzima tumebonyeza. Simu kumi na moja zake, kumi na moja zangu. Kidole gumba cha kulia kimevimba, nikahamia cha kushoto. Mara elfu tisa na ushee! Nikampelekea Kinyozi picha ya ile idadi. Akajibu hongera, kisha akauliza mbona ramani ya wasikilizaji inaonyesha wote wako mtaa mmoja. Wivu. Nikamwambia huo ndio uzalendo.

Mchana alikuja mwalimu mkuu mstaafu kuchukua simu yake. Aliukuta wimbo ukilia humo, akasimama, akausikiliza kwa makini hadi nilipoukata. Aliuliza mbele unaendeleaje. Nikamwambia unaendelea hivyohivyo.

Jumapili, 9 Machi
Nimempelekea dada habari. Aliposikia elfu tisa alisimamisha cherehani, akauliza hao watu ni akina nani. Mashabiki, nikasema. Alitazama dirishani kwa muda, akafuta macho kwa kipande cha bitana, akasema mama angeshangaa sana. Nilihisi kitu kinanibana kifuani. Nadhani ni gesi.

Akaongeza kwamba tusivimbe kichwa, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Sikubishana naye. Sisi sakafu yetu ni ndefu.

Jumanne, 11 Machi
Siku mbaya. Naiandika tu kwa sababu meneja lazima aweke kumbukumbu.

Asubuhi imekuja barua pepe kutoka kampuni ya usambazaji. Wamegundua usikilizaji wa bandia. Wimbo umeondolewa kila mahali. Tena wana ukatili, wameeleza kwamba takribani wasikilizaji wote waliukimbia kwenye sekunde ya thelathini na moja, kwa hiyo mfumo ulikuwa umeshauweka kwenye kundi la nyimbo zinazochosha. Nikawaandikia kwamba hawajui muziki. Hawajajibu.

Kufika mchana, balaa jingine. Wiki iliyopita mteja mmoja wa dada alimrekodi kwa simu akiimba huku anapinda sketi, dada hata hana habari. Leo mteja kairusha video hiyo mtandaoni. Hadi saa tisa imeshatazamwa na watu laki mbili! Dada yangu, na pini zake, na futi ya kupimia shingoni. Wote wanauliza jambo lilelile: wimbo mzima uko wapi? Wanautafuta, haupo. Kwa mara ya kwanza dunia inabisha hodi kwetu, na mimi ndiye niliyeubeba mlango.

Jioni akapiga baba. Sauti ndogo. Alisema wimbo umepotea kwenye simu yake, akauliza kama huenda yeye ndiye aliyebonyeza vibaya, maana vidole vyake vimezeeka. Ningeweza kusema ukweli. Nikasema ndiyo, baba, yawezekana uligusa pasipostahili.

Akaomba radhi. Mzee mzima, ananiomba radhi mimi. Akasema kinachomuuma zaidi ni ule ubeti wa mwisho, pale dada anapomweleza mama habari zangu.

Nikauliza ubeti gani. Baba akaniuliza kwani sijausikiliza.

Nimeusikiliza mara elfu tisa. Sijawahi kufika huko.

Jumatano, 12 Machi
Nilikusudia kuingia mitini. Dada akanikuta kwa Fundi Simu kabla sijachagua mti. Alikuwa ameshajua yote. Barua pepe aliionyeshwa na Kinyozi, ambaye nilimpelekea mwenyewe ili anisaidie kuitukana kampuni. Na baba alikuwa amempigia alfajiri, analia, anaomba asamehewe kwa kuuharibu wimbo wa mkewe.

Dada hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliweka simu juu ya meza, akampigia baba, akaniambia niseme mwenyewe kwa mdomo wangu.

Nikasema. Simu ishirini na mbili, vidole gumba, kila kitu. Baba akacheka. Alisema tangu nizaliwe, kila kilichovunjika ndani ya nyumba ile mimi nilikuwa nimesimama karibu, angepaswa kukumbuka. Halafu hakucheka tena. Alisema amelala usiku mzima akijua kwamba amempoteza mama mara ya pili, na mimi nimemwacha alale hivyo.

Nililia pale pale katikati ya simu za watu. Fundi Simu alijifanya anachomelea waya. Nilipoweza kusema, nilimwomba dada aniimbie huo ubeti wa mwisho, mara moja tu. Akakataa. Ningoje kama wengine.

Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, akafungua akaunti mpya kwa jina lake na barua pepe yake, akaupeleka wimbo upya kwa kampuni nyingine. Ilimchukua dakika kumi. Mimi ile fomu ilinila siku nzima.

Ijumaa, 14 Machi
Umerudi. Nimeusikiliza kwenye ngazi za nyuma, nimevaa spika za masikioni, nimeketi juu ya mikono yote miwili ili nisiguse kitu. Sekunde ya thelathini na moja ikapita. Sikuwahi kujua kwamba baada ya hapo gitaa linanyamaza kidogo na dada anavuta pumzi. Mwishoni kabisa anaimba hivi:

Mama pumzika, yule mtukutu ninaye,
akipotea njia nitamfuata,
akichanika nitamshona.

Haikuwa gesi. Nampenda dada yangu, na sijawahi kumwambia. Nikaenda hadi mlangoni kwake nimwambie. Alikuwa na wateja sita. Nikamwambia kola ya yule bwana imekaa upande, nikaondoka.

Jumamosi, 15 Machi
Mara elfu sitini, za watu halisi, kutoka miji nisiyoijua. Na wanasikiliza hadi mwisho! Baba amerudia ratiba yake ya kabla ya chai. Dada amenisamehe kwa masharti: nisishike simu yake, nisijue nenosiri lake, nisijiite meneja. Nimekubali yote. Mimi ni mtu mpya.

Ila nimesoma maoni ya wasikilizaji. Zaidi ya mia tatu wanauliza huyo mtukutu ni nani. Mia tatu! Na hakuna anayewajibu. Dada amenikataza umeneja, sawa, lakini hakusema lolote kuhusu mimi kuwa msanii. Mtu akishatajwa ndani ya wimbo, huyo ni mshiriki, hata mtoto mdogo anaelewa.

Nimefungua ukurasa: Mtukutu Mwenyewe. Picha amenipiga Kinyozi, nimevaa miwani myeusi, kwa makubaliano kwamba ndevu zake zionekane pembeni. Hadi sasa nina wafuasi wawili, wote ni Kinyozi. Hiyo si idadi ya mtu wa hadhi yangu. Fundi Simu amenipiga marufuku dukani kwake, lakini nasikia mtaa wa pili kuna fundi mwingine, ana simu arobaini, na anafungua saa mbili asubuhi. Nitafika saa moja na nusu, nikiwa na kiti changu.