Nywele za Mtu Mwadilifu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeitwa! Kiwanda cha magodoro. Karani wa ghala. Usaili Alhamisi. Nimeusoma ujumbe kwenye simu mpaka chaji ikaisha, nikachaji, nikausoma tena.

Mwisho wa ujumbe kuna mstari mmoja zaidi: baada ya usaili kila mwombaji atapimwa dawa za kulevya, kwa nywele. Nimecheka. Mimi hata sigara sijawahi kuvuta. Soda ikiwa na gesi nyingi nakohoa.

Na habari zimekuja kwa wakati wake. Jana Shemeji alitangaza mezani kwamba mama yake anakuja mwisho wa mwezi, naye atalala sebuleni. Sebuleni ndiko ninakolala mimi, kwenye kochi. Nikauliza mimi nitalala wapi. Akasema hilo ni swali zuri sana, nilitafutie jibu mapema. Dada akainamia sahani yake. Mumewe ni mwalimu wa nidhamu katika shule ya sekondari, na hata nyumbani hajawahi kutoka kazini.

Kwa hiyo ni kazi au barabarani. Nimechagua kazi.

Jumanne, 4 Machi

Balaa! Jioni nimejinyoosha kochini najizoeza kujibu maswali, nikasikia harufu. Bangi! Inaingia dirishani kila jioni, miezi sasa, na sikuwahi kuitilia maanani. Tunakaa ghorofa ya mwisho. Juu yetu ni paa na tangi la maji tu. Basi inatoka chini, kwa fundi saa. Mzee wa watu na miwani yake, kumbe ndiye!

Nikashuka kumgongea. Akaapa hajawahi kuvuta kitu maishani, eti ana pumu. Nikamwambia wote husema hivyo. Niliporudi nikakutana mlangoni na Shemeji akishuka kutoka paani, anakokwenda kila jioni kuangalia kiwango cha maji. Mtu wa wajibu. Macho yamemwiva kwa uchovu, lakini halalamiki. Aliuliza kuna chakula gani, akacheka peke yake, akala sahani mbili na ukoko.

Mimi sikuweza kula. Nimekwenda kwa kinyozi, maana yule anajua kila kitu. Akaniambia nywele hazisahau. Moshi ukiingia humo, miezi mitatu haujatoka. Hata moshi wa mtu mwingine? Akazima mashine ili afikiri vizuri. Akasema wa mtu mwingine ndio mbaya zaidi.

Nikamwambia anyoe zote. Akauliza na nyusi? Watu wa maabara, akasema, wakikosa kichwani huchukua popote. Nikafumba macho nikamwambia anyoe.

Nimerudi nyumbani mwepesi, upepo unanipiga mahali ambapo haujawahi kunipiga. Naona nimewaweza.

Jumatano, 5 Machi

Dada alipiga yowe aliponiona. Alidhani ni mwizi, kisha akadhani ni mgonjwa. Nilipomweleza mpango wangu, akakaa chini, akauliza swali moja tu: kesho watakata nini?

 Hilo sikuwa nimelifikiria.

Nikazunguka sebuleni asubuhi nzima. Lazima zipatikane nywele. Na si nywele tu, ni nywele safi, za mtu ambaye hata shetani akimkagua atarudi mikono mitupu. Za Dada zimesukwa na za bandia. Kinyozi anakunywa. Fundi saa ndiyo hivyo tena.

Shemeji! Kwa nini nilichelewa kumwona? Hanywi. Havuti. Ukipigwa wimbo wa mapenzi redioni anazima. Halafu ni bahili, hunyoa mara moja kwa msimu, kwa hiyo zile nywele zake zimebeba miezi ya uadilifu mtupu.

Alipotoka shuleni nikamwambia nataka kumlipia kinyozi, kama shukrani kwa kunilea. Hakuuliza mara mbili. Alivaa viatu kabla sijamaliza sentensi. Mimi nikasimama nyuma ya kiti na bahasha. Kila nywele ilipoanguka, naokota. Shemeji akauliza nafanya nini huko nyuma. Nikasema namsaidia kinyozi kufagia, mtu lazima aonyeshe bidii. Akasema hatimaye naanza kubadilika.

Dada ameniazima gundi yake ya kope. Nimemwambia cheti changu kimechanika.

Alhamisi, 6 Machi

Siku kuu. Nimeamka mapema nikabandika kiraka cha nywele za Shemeji kisogoni, karibu na kola. Ukubwa wa kifuniko cha chupa. Kimeshika barabara. Nyusi amenichora Dada kwa wanja, huku anacheka mpaka mkono unatetemeka. Zimekaa juu kidogo. Hakukuwa na muda wa kufuta.

Kiwandani tulikuwa wawili tu tuliobaki. Mwenzangu nimempa jina la Suti ya Kijivu. Nywele tele, zimechanwa kwa dharau. Alinitazama, akasogea kwenye benchi, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa naumwa na kama ningependa kukaa upande wenye hewa. Fitina za wazi! Nikamwambia sijambo, asante.

Usaili uliongozwa na mama mmoja mkuu wa ajira, miwani yake ina mnyororo. Akaniuliza kama naweza kuhesabu mali ya ghala. Nikasema naweza. Akaniuliza mbona swali limenishtua. Nikasema halijanishtua. Akaniambia nisiogope, hapa ni kama nyumbani. Bwana aliyekaa kando yake akanirudishia swali polepole, kwa maneno mepesi. Ikawa hivyo kwa kila swali. Wakataja mshahara, wakanitazama usoni, wakatazamana wenyewe. Mama akasema basi labda ungeweza kuongezwa kidogo.

Kumbe nyusi za juu ni mtaji!

Kisha jasho. Nilijifuta paji la uso nikaona weusi kwenye kitambaa. Nyusi ya kulia imekwenda. Tangu hapo wote wawili walizungumza na upande wangu wa kushoto. Lakini nilijikaza, nikajibu yote, na ya magodoro yenye unyevu nikajibu vizuri kuliko wao walivyouliza.

Muuguzi alikuwa anagombana kwenye simu na fundi wake wa bomba. Akanigeuza, akaona kiraka, akauliza mbona nimeacha hapo tu. Nikasema ni mtindo mpya. Akasema vijana mna kazi. Mkasi ukalia mara mbili, nywele za Shemeji zikaingia kwenye mfuko, mfuko ukaandikwa jina langu. Nilitamani kumkumbatia.

Jumatatu, 10 Machi

Majibu bado, lakini mimi nimeshaanza kuishi kikarani. Nimehesabu sufuria za Dada nikamwambia vifuniko havitoshi. Nimeacha kuosha vyombo, si kazi ya cheo changu. Nimemwambia mwenye duka nitaanza kununua kwa jumla. Shemeji nimemwarifu kwamba nikihama nitamwachia kochi, na godoro nitamletea kwa bei ya mfanyakazi. Akasema ataamini akiniona na funguo.

Fundi saa nimepishana naye ngazini mara mbili. Sikumsalimia. Moshi wake bado unakuja vilevile.

Jumatano, 12 Machi

Yamenikuta.

Yule mama wa ajira alinipigia mwenyewe. Sauti ya pole, ya kuzungumza na mfiwa. Akasema usaili ulikwenda vizuri mno. Nilimpita mwenzangu mbali. Lakini nywele! Maabara imekuta bangi. Na si ya kuonja, akasema, ni ya mtu anayevuta kila siku, kwa moyo wake wote. Akanisihi nitafute msaada, bado kijana. Kazi amepewa Suti ya Kijivu.

Nilikaa ngazini nikalia. Sioni haya kuandika. Nilikwishaliona lile ghala, nimekwishachagua hata msumari wa kutundikia koti langu. Nilitaka siku moja nifunge mlango wa chumba na uwe wa kwangu.

Jioni, mezani, ndiyo ikawa kubwa zaidi. Shemeji alikuwa ametoka kuangalia tangi, na Dada alikuwa amemnong'oneza habari. Akaweka kijiko. Akatoa hotuba. Bangi huoza ubongo. Yeye mvuta bangi anamjua kwa mwendo tu, shuleni amewafukuza wengi. Hawezi kulala nyumba moja na mhuni. Mambo ya mwisho wa mwezi yamekwisha, kesho asubuhi nifungashe.

Dada akaanza kulia. Hapo niliumia kuliko simu ya kiwandani. Nikasema, "Shemeji, zile nywele si zangu. Ni zako."

Maji yakampalia.

Nikaeleza yote. Kinyozi, bahasha, gundi ya kope. Dada aliacha kulia. Alimtazama mumewe machoni. Akatazama dari, upande uliko tangi. Akamtazama tena machoni.

Nikaona nimemponza mtu mwema kwa kosa la maabara, nikafanya haraka kumtetea. Nikamwambia Dada haiwezekani! Mtu anayepanda paani kila jioni kuangalia maji, hata zile wiki ambazo maji yamekatika na tangi ni kavu! Anayeshuka amechoka mpaka macho mekundu, ana njaa ya watu watatu, na bado ana moyo wa kucheka taarifa ya habari! Shemeji akaniomba ninyamaze. Sikunyamaza, maana haki ni haki. Nikakumbusha na ile siku alipokula ndizi za wageni zote akasahau kama alizila. Ni uchovu wa kazi!

"Shemeji," naye akaniita, "nakuomba. Tafadhali."

Hajawahi kuniomba kitu. Jamaa hapendi kusifiwa. Niliguswa kweli.

Dada akainuka akamwambia mumewe waende chumbani. Hakupaza sauti. Walikaa huko muda mrefu. Nikamalizia sahani ya Shemeji ili isiharibike.

Alhamisi, 13 Machi

Maajabu. Nimeamshwa na Shemeji ameshika kikombe cha chai, kaipika mwenyewe. Akasema mama yake atafikia kwa kaka yake, wana nafasi zaidi kule. Mimi nikae kochini kadiri nitakavyo. Akaniuliza kama ile bahasha bado ninayo. Nikamwambia zilizobaki nilizitupa, nyingine ziko maabara. Akakaa chini ghafla. Akauliza karatasi ya majibu ina jina la nani. Langu tu, nikasema. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia upesi.

Nimeelewa. Ameona nilivyopigania kazi, heshima imemwingia. Laiti ningejua, ningejieleza zamani.

Na jambo jingine: leo jioni hakuna harufu dirishani. Fundi saa ameupata ujumbe wangu. Ukiwa mkali watu wananyooka. Dada naye ameuvaa shingoni ufunguo wa mlango wa paani, anasema tangu leo maji atayaangalia yeye. Dada wangu anapenda kubeba kila kazi, anamhurumia mumewe mno.

Asubuhi alinitazama kwa muda, akaniuliza, "Mdogo wangu, kweli hujaelewa?" Nikamwambia nimeelewa vizuri sana, maabara za siku hizi si za kuaminika. Akanishika shavu, akasema ninywe chai kabla haijapoa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeitwa tena! Kampuni ya kusafirisha mizigo, karani wa stoo. Usaili Jumatatu saa tatu. Hata usaili wenyewe mfupi, simu imesema wanamhitaji mtu upesi. Kuna kipimo, lakini nywele hawataki kabisa. Wanataka mkojo.

Nimekaa nikafikiri kiutu uzima, bila pupa. Wangu siwezi kuupeleka. Ule moshi wa fundi saa niliuvuta kwa pua hii hii, nani ajuaye umefika wapi ndani. Maabara nyingine, watu wengine, hawawezi kukosea kama wale wa kwanza. Ninachohitaji ni mtu safi. Na katika jengo hili zima mtu wa namna hiyo ni mmoja.

Kichupa nimekichemsha, kimekauka vizuri. Jumatatu, kabla hajaenda shuleni, namgongea Shemeji mlango wa chooni. Kwa wema alionionyesha wiki hii, hawezi kuninyima.