Wa Pili wa Kila Mtu

Orest Woloschuk,
Nyumba ya mwisho kabla ya reli,
Halvor, Saskatchewan.

Kwa Ndugu Lorraine Desjarlais,
Katibu wa Chama cha Umoja wa Wakulima na Wafanyakazi,
Regina.

YAH: KUPINGA KUSHINDWA KWANGU

Ndugu Katibu,

Nakusalimu kwa heshima zote za chama, zile ambazo bado hazijapelekwa kamatini. Mwili wangu ni mzima, ila roho imepata ajali. Mimi ni yule mgombea wa tatu katika uchaguzi wa kiongozi wa chama mkoani, uliofanyika Jumamosi iliyopita mjini Saskatoon. Najitambulisha kwa sababu kwenye taarifa yenu mmeniandika "Oscar", na sipendi mkahangaike na faili la Oscar wa watu.

Nitangulize kusema kwamba siandiki kwa uchungu. Uchungu nilikuwa nao Jumapili. Leo ni Alhamisi, nimeshatulia, na ninachotaka ni haki tu, yaani nitangazwe mshindi. Sababu zangu ni hizi:

1. Kwamba hakuna mgombea aliyekubalika kuliko mimi.

Chanzo cha uchaguzi huu unakijua. Kiongozi wetu wa mkoa alisema bomba jipya la mafuta lijengwe. Kiongozi wetu wa shirikisho, kule Ottawa, akasema ni haramu. Na kwa kuwa kwetu ukijiunga na chama mkoani unajikuta umejiunga na cha shirikisho pia, sawa na mtu anayeoa akamkuta mama mkwe keshahamia, ugomvi ukawa wa nyumba moja. Wa mkoa akajiuzulu. Wa Ottawa akatoa taarifa ndefu ya kumsifu marehemu, ingawa mwenyewe alikuwa hai na anaisoma.

Ndipo akajitokeza Ndugu Tamsin Arcand, wakili wa Regina, akasema bomba halijengwi hata kwa dawa. Akajitokeza Ndugu Garth Lindqvist, aliyewaongoza wachimba madini ya potashi, yale ya mbolea, kwa miaka mingi, akasema bomba litajengwa hata kwa mikono mitupu. Mimi, mwalimu mstaafu wa jiografia, nikaona chama kinapasuka kwenye mshono. Nikaja na njia ya katikati: bomba lijengwe, lakini lisipitishe kitu mpaka tuelewane wote.

Watu walilipenda wazo hili kupita kiasi. Clarence Friesen wa hapa kwetu Halvor alinishika bega pale kwenye duka la ushirika akaniambia, "Orest, bwana, mimi ni mtu wa Garth, unajua tena, tumechimba wote. Ila wewe ni wangu wa pili. Wa pili kabisa, wala usikose usingizi." Binti yake, ambaye msimu huu wote amevaa fulana ya Tamsin juu ya koti la baridi, akanifuata mpaka kwenye pikapu: "Mzee Orest, Tamsin ndiye wa kwanza, usinielewe vibaya. Lakini namba mbili ni wewe, naapa." Baba na binti hao hawasemeshani tangu Krismasi kwa ajili ya bomba. Kwangu mimi wamekubaliana. Ni mgombea gani mwingine amefanya kazi hiyo?

Kwenye ukumbi wa barafu, tunakocheza ule mchezo wa kutelezesha mawe Jumanne jioni, ilikuwa vivyo hivyo. Mtu mzima na akili zake alivua glavu pale nje, baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri, ili anipe mkono na kunihakikishia kwamba mimi ni wake wa pili. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, Verna, tuanze kuulizia nyumba ya kupanga Regina. Verna akasema tusubiri kidogo.

2. Kwamba hesabu ya kura ilinipiga chenga.

Wewe unaielewa, lakini naieleza ili ionekane ilivyo ya ajabu. Mpiga kura anawapanga wagombea wote kwa namba. Mwenye namba moja chache kuliko wenzake anatolewa, na hapo kura zake yeye tu ndizo zinazoangaliwa kuona wa pili ni nani. Sasa tazama uungwana wa mpango huo. Wa pili wa watu wa Garth ni mimi. Wa pili wa watu wa Tamsin ni mimi. Lakini aliyetolewa mwanzo ni mimi, kwa hiyo hakuna kiumbe aliyezifikia hizo namba mbili zangu kuzisoma. Ziko ndani ya mashine yenu mpaka sasa hivi, zimejaa tele, na hakuna wa kuzitoa.

Mtasema nilionywa. Sikuonywa. Nilipotafuta saini za kuniruhusu kugombea, nilizipata zote kwa jioni moja, kwenye chakula cha mavuno pale kanisani. Watu walitia saini kwa mkono wa kulia huku wa kushoto unamimina mchuzi juu ya bata mzinga. Nilidhani wananiunga mkono. Kumbe walitaka nisogee niwapishe wafikie viazi.

3. Kwamba muda wangu wa kuhutubia uliliwa na wanachama wakitumia haki zao.

Nilipewa dakika tano. Ile nasema "Ndugu zangu", ndugu yangu mmoja akakimbilia kipaza sauti cha hoja za utaratibu. "Mwenyekiti! Ajenda inasema 'bomba'. Kamati ya mazingira ilipitisha 'suala la bomba'. Huyu mzee anahutubia juu ya kitu ambacho hakipo!" Wa pili akataka kurekebisha marekebisho ya wa kwanza. Wa tatu akauliza kama uamuzi wa mwenyekiti unaweza kupingwa kabla ya chakula au ni mpaka baada ya chakula. Wakapiga kura juu ya hilo, zikalingana, wakapiga tena. Mimi nimesimama pale mbele na karatasi zangu, natabasamu kama bwana harusi aliyechelewewa. Mwishowe mwenyekiti akanigeukia: "Ndugu Woloschuk, pole sana, una nafasi ya kushukuru." Nikashukuru. Nilishukuru kwa ufasaha mkubwa, na Garth mwenyewe alipiga makofi.

Kisha Tamsin, katika hotuba yake ya ushindi, akasema nimeinua kiwango cha mjadala. Mjadala upi, Ndugu Katibu? Watu wa Garth walitoka ukumbini kwa hasira kwenda kuanzisha chama kingine. Wakakuta magari yameganda kwa baridi na injini hazijapata moto, wakarudi ndani, wakala keki ya ushindi ya Tamsin mpaka ikaisha. Mimi sikubakiziwa hata kipande.

4. Kwamba jimboni kwangu nimepata kura moja.

Hapa ndipo penye kidonda. Haya mengine nimeyaandika ili nipate ujasiri wa kufika hapa.

Mlisoma matokeo jimbo kwa jimbo, kwa spika kubwa. Mlipofika Halvor–Willow Coulee, Lindqvist alipata kura nyingi, Arcand akapata kura nyingi, na Woloschuk akapata moja. Msomaji alikohoa, akarudia, "Moja," labda akidhani hatujasikia. Tulisikia, Ndugu Katibu. Clarence Friesen alikuwa amekaa nyuma yangu, akanigonga mgongoni polepole, jinsi watu wanavyofanya msibani.

Angalau sikutoka kapa. Lakini moja ni ya nani? Ni yangu mwenyewe, mgombea hujipigia. Sasa swali linalofuata hata mwanafunzi wangu wa darasa la nne angelijibu: Verna alimpa nani?

Tumeoana miaka arobaini. Kampeni nzima alipika pirogi, zile sambusa zetu za kuchemsha zenye viazi, za kuwalisha watu waliokuja kuniambia mimi ni wao wa pili. Alishika ngazi nikipigilia bango langu kwenye ghala, upepo unatupeperusha wote wawili. Tukiwa njiani kurudi Halvor nikamuuliza, kwa upole, alimpigia nani. Akasema, "Kura ni siri, Orest." Nikamweleza kwamba siri ya kura iliwekwa kumlinda mfanyakazi dhidi ya mwajiri. Akasema, "Na mke ana nini cha kumlinda?" Akaongeza sauti ya redio, ilikuwa ikisoma bei za ngano.

Tangu usiku ule nimehamia chumba cha chini ya nyumba, katikati ya tanuru la kupasha joto na friji la nyama. Nimekitangaza kuwa jimbo huru. Verna huacha sahani juu ya ngazi, anagonga mlango, anaondoka. Nikimsikia anatembea huko juu nanyamaza kabisa ili ajue kwamba nimenyamaza.

Nikwambie ukweli, linaniuma. Kushindwa na mkoa mzima nitapona. Chama chetu kimeshindwa tangu babu yangu na babu yako, tuna uzoefu, tuna hata nyimbo zake. Lakini mtu kushindwa jikoni kwake, na asijue kwa kiasi gani, hilo hakuna mkutano mkuu uliowahi kunifundisha namna ya kulibeba. Najiuliza ni mambo mangapi mengine miaka hii yote yeye aliniambia ndiyo kwa mdomo tu.

5. Kwa hiyo naomba yafuatayo, na sidhani kama ni makubwa.

(a) Nitangazwe mshindi kwa wingi wa namba mbili, na Ndugu Tamsin aelezwe kwa lugha ya staha.

(b) Mashine ifunguliwe, niambiwe Verna aliniweka wa ngapi. Kama ni wa pili nitavumilia, nimezoea. Kama ni wa tatu, naomba nipigiwe simu mchana na mtu mwenye sauti nzuri.

(c) Katiba ya chama irekebishwe ili mwenzi wa mgombea apige kura kwa kunyoosha mkono, mgombea akiwa amesimama mbele yake.

(d) Msipotekeleza, nitajitenga na kuunda Chama cha Umoja wa Wa Pili, tawi la mkoa na tawi la shirikisho, makao makuu yakiwa hapa karibu na friji. Si vitisho. Mkutano mkuu wa kwanza ulifanyika jana, na nilihudhuria peke yangu. Ulivunjika baada ya mimi kutofautiana na mwenyekiti kuhusu bomba, lakini mazungumzo ya upatanisho yanaendelea vizuri.

Nisalimie wote hapo ofisini: wa mrengo wa kushoto, wa mrengo wa kushoto zaidi, na yule dada wa mapokezi anayesema yeye amekuja kufanya kazi tu. Nisalimie Ndugu Garth, mpe pole. Ndugu Tamsin mpe hongera, halafu umwambie kwa utaratibu kuhusu ombi (a).

Mimi wako katika mapambano, hasa haya yangu,

Orest Woloschuk
Mgombea

Nyongeza.

Nilikuwa nalamba bahasha Verna aliposhuka mwenyewe, na sahani ya kabichi za kuviringishwa zenye wali ndani. Akaiona barua, akaichukua, akaisoma yote akiwa amesimama karibu na tanuru. Nilijiandaa kwa ugomvi. Hakukasirika. Aliniuliza jambo moja tu: "Na wewe ulimweka nani wa kwanza?"

Nikafungua mdomo niseme ni mimi mwenyewe.

Ndugu Katibu, hapo ndipo nilipokumbuka. Siku ya kupiga kura kwa simu, kabla hatujaenda Saskatoon, nilikaa mezani, majina matatu mbele yangu, nikaona aibu kujitanguliza. Mama yetu alitulea hivyo, sahani ikipita hugusi kipande kikubwa kabla ya wenzako. Nikasema moyoni, jimbo lote ni langu, kura moja itanipunguzia nini? Nikamweka Garth wa kwanza, kwa uungwana tu. Mimi nikajiweka wa pili. Nikabonyeza, nikaenda kumlisha paka, na jambo lenyewe likanitoka kichwani mpaka leo.

Kwa hiyo ile moja haikuwa yangu.

Maombi yote nayafuta, na Chama cha Wa Pili kimevunjwa kwa kauli moja. Nilitaka kuichana barua, Verna akakataa. Ataipeleka posta yeye mwenyewe, anasema watu wa ofisini huko Regina hawana kitu cha kuwachekesha tangu Jumamosi. Nimemwomba msamaha, akasema kabichi zinapoa.

Kisha akanieleza kwamba tangu siku ya kwanza yeye alimtaka Tamsin. Anasema bomba lisilopitisha kitu ndilo wazo la kipumbavu kuliko yote aliyoyasikia katika nyumba hii, na ameyasikia mengi. Nikamuuliza kwa nini basi kura alinipa mimi. Alikuwa ameshafika katikati ya ngazi, hakugeuka.

"Orest," akasema, "ilibidi awepo mtu mmoja."