Gia ya Sita ya Bi Odessa

Tuwe waadilifu: Vernell Baskin hakwenda kwa Bi Odessa Pruitt kutapeli mtu. Alikwenda kununua taa ya mezani. Jumamosi hiyo mama yule alikuwa ametandaza vyombo vyake uani kuviuza, kama wafanyavyo watu wa Detroit joto likianza, na Vernell alikuwa ameishika taa akiitafutia kasoro ili apunguziwe bei. Ndipo alipochungulia gereji iliyokuwa wazi akaona, chini ya maboksi ya mapambo ya Krismasi, pua ya gari, Chevelle ya mwaka sabini.

Taa ikarudi mezani.

"Gari la marehemu?" akabahatisha kwa sauti ya msibani.

"La Ezell wangu. Tangu afariki sijaligusa."

"Pole sana, mama. Niruhusu nifungue boneti, nitoe heshima zangu."

Akainama na tochi ya simu, akafuta vumbi kwa leso yake safi, akasoma namba iliyogongwa kwenye injini. Akazunguka hadi kwenye kioo cha mbele, akasoma namba ya kiwandani ya gari. Zilikuwa zile zile!

Sasa, msomaji, lazima uijue dini ya wapenda magari ya zamani. Gari kuukuu lenye injini iliyozaliwa nalo kiwandani ni dhahabu. Lenye injini ya kupandikizwa, hata likimbie kama limeiba, ni gari tu. Namba zikilingana, watu wazima wenye shahada zao hutokwa na machozi. Vernell alimfahamu mmoja wa namna hiyo, Hollis Gruber, daktari wa meno wa Bloomfield, ambaye kwa gari kama hili angejing'oa hata meno yake mwenyewe.

"Unaliuza, mama?"

"Ng'o! Mwezi wa nane nataka kuliendesha barabara ya Woodward, siku ya gwaride la magari ya zamani. Tatizo haliwaki."

Mwingine angekata tamaa. Vernell alikata shauri. Atang'oa injini hii kwanza, aweke nyingine ya kisasa yenye nguvu za kutisha. Bibi wa miaka sabini na ushei ataikanyaga mara moja, roho imruke, na kabla ya theluji atakuwa anabembeleza mtu alichukue gari kwa bei ya baiskeli. Hapo Vernell atairudisha ile injini mahali pake, ampelekee Gruber gari zima, na dunia itakuwa imenyooka.

"Haliwaki kwa sababu injini imekufa, mama. Hiki ni chuma chakavu. Mimi nitakuwekea nyingine, utachangia kidogo tu, na hili zigo nitakuondolea nikalitupe."

"Una hakika ni chuma chakavu?"

"Naapa kwa kaburi la mama yangu."

Mama yake yuko hai, anaishi Toledo, na hana habari amezikwa mara ngapi.

Bi Odessa, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mshika mlango wa kanisa, alimtazama kama anavyowatazama wanaofika ibadani mahubiri yamekwisha. Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Lichukue."

Vernell alikusudia kumpa injini ya pikapu iliyogongwa, pamoja na gia boksi yake ya otomatiki.

"Rahisi kabisa, mama. Unasukuma gia mara moja, unakwenda zako kanisani."

"Otomatiki? Nani kakwambia mguu wangu wa kushoto umekufa? Nataka gia za mkono. Sita."

"Sita za nini, mama, unakwenda mbinguni?"

"Ezell alikuwa na nne. Nataka kumpita."

Mpe, Vernell akajiambia, zikiwa nyingi ataogopa upesi. Lakini ukipenda boga, upende na ua lake. Gia boksi ya gia sita iligoma kuingia mpaka sakafu ikatwe. Ilipoingia, shafti ikawa ndefu. Shafti ilipofupishwa, ikaonekana difu ya zamani itasagika kama karanga. Ikaja rejeta, ikaja pampu ya mafuta, zikaja breki, maana Bi Odessa aliuliza, kwa upole kabisa, kama nia yake ni kumfikisha kwa Bwana kabla ya zamu yake. Mchango wa mama uliishia kwenye rejeta. Yaliyobaki yalitoka mfukoni mwa Vernell, naye akajipa moyo kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Ikafika zamu ya injini yenyewe. Bi Odessa akaizunguka ile ya pikapu, mikono kiunoni.

"Mbona ina sura ya kuchoka? Gia sita zote hizi, halafu zivutwe na huyu mgonjwa?"

Hapo Vernell aliumia kweli. Kwake nyumbani, ndani ya sanduku la mbao, kulikuwa na injini mpya kabisa aliyoinunua kwa pesa za kudunduliza, kwa ajili ya gari lake mwenyewe, Nova kuukuu. Maana mwanamume huyu, anayezungumza magari tangu chai ya asubuhi, hakuwahi hata siku moja kupita Woodward akiendesha. Kila mwaka alikaa kandokando ya barabara na kiti chake cha kukunja akiwapungia mkono wengine, na kila mwaka roho ilimuuma. Mwaka huu alikuwa amejiapiza, na safari hii si kwa kaburi la mtu, kwamba naye atakuwa barabarani.

Akaitazama injini kuukuu ya Ezell pale sakafuni. Akaiona pesa ya Nova tatu. Akaenda kulifungua sanduku.

"Mungu akubariki," alisema Bi Odessa injini mpya ilipounguruma. "Na ile ya zamani, bado ni chuma chakavu?"

"Kabisa, mama."

"Basi sawa. Nilitaka tu kusikia tena."

Jumatatu Gruber alifika kwa Vernell na mswaki. Akapiga magoti mbele ya injini kama anayeposa, akaisoma namba, akatabasamu. Kisha akaanza kusugua kule chini, nyuma ya mahali pa stata, palipogandwa na grisi ya miaka hamsini. Tabasamu likamtoka.

"Vernell, gari hilo liliundwa lini?"

"Machi, mwaka sabini. Nimesoma mwenyewe."

"Hebu soma na hapa."

Ilikuwa tarehe ndani ya chuma chenyewe, imevimba kama kovu. Novemba, mwaka sabini.

"Namba hugongwa na yeyote mwenye nyundo," alisema Gruber. "Tarehe hii ilimiminwa pamoja na chuma. Injini yako imezaliwa miezi minane baada ya gari."

Vernell alitafuta neno katika ghala lake lote la maneno.

"Labda gari lilikuwa njiti."

Gruber aliutia mswaki mfukoni akaondoka bila kuaga.

Vernell alimkuta Bi Odessa akiipiga Chevelle nta.

"Mama, ile injini..." akaanza, akakwama. Angeshtaki nini? Kwamba chuma chakavu kimegeuka kuwa chuma chakavu?

"Imefanyaje?"

"Ina namba."

"Eh! Namba za Ezell!" Mama akacheka mpaka akaegemea boneti. "Injini ya asili aliipasua mwaka sabini na nne akishindana na kaka yangu. Akaokota hiyo kwa wauza vyuma, akagonga namba hapo hapo uliposimama, mimi nikimmulikia tochi. Alisema iko siku atakuja mwerevu ainunue kwa bei ya ile ya asili. Mimi nikamwambia siuzi uongo, nina mlango wa kanisa wa kushika. Ndiyo maana nilikuuliza, nikakuuliza tena."

"Kwa hiyo ulijua!"

"Nilijua ni chuma chakavu. Na wewe si ulijua? Uliapa."

Wahenga walisema mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Hawakusema afanyeje mwerevu ambaye mjinga wake hakuwa mjinga tangu mwanzo. Vernell alirudi nyumbani, akaketi kando ya Nova isiyo na injini, na machozi yakamlengalenga.

Mwezi wa nane ukaja, Woodward ikafurika. Vernell alikuwa pale pale kandokando, kofia imeshuka hadi puani, aliposikia mngurumo alioutambua kabla hajainua macho. Chevelle ikasimama mbele yake kwenye taa nyekundu.

"Umekaa hapo kama mzigo wa nani? Panda!"

"Niache na huzuni zangu, mama."

"Taa inabadilika, Vernell."

Akapanda. Bi Odessa akaachia klachi, mgongo wa Vernell ukanata kitini, akapiga ukelele, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Ilikuwa tamu kuliko alivyoiota miaka yote ile, na hasira yote aliyokuwa ameifuga ikamponyoka dirishani.

Kwenye taa zilizofuata, jamaa mmoja katika gari jekundu alichomoza kichwa.

"Bibi! Nani kakuchagulia injini hiyo?"

"Mimi!" Vernell akaruka, kifua mbele. "Injini yangu! Gia boksi yangu, difu yangu, hata breki ni pesa yangu mwenyewe!"

Ulikuwa ukweli mtupu, pengine wa kwanza kumtoka mwaka ule.

Jamaa akamtazama pale kwenye kiti cha abiria, juu hadi chini, akamgeukia Bi Odessa kwa huruma.

"Bibi, shika mkoba wako vizuri," akasema. "Watu wa namna hiyo nawajua."