Sekunde Kumi na Tano za Bwana Mnadi

Sogeeni, enyi wenye masikio. Mlioko jikoni epueni sufuria, mlioko kitandani geukeni upande huu, niwasimulie habari za Bwana Mnadi, simba wa minada, mwenye koo la shaba, aliyewahi kuuza kabati lisilo na milango watu wakaligombania. Niwaambie jinsi alivyoshuka uani kwake Jumamosi, saa tisa alasiri, kupambana na maji ya beseni lake la spa, lile kubwa la kuketi ndani na kujichua kwa maji ya moto.

Adui alilala vuguvugu, akitoa mapovu. Kando, juu ya kiti cha plastiki, aliketi mama mkwe, malkia wa magoti yanayouma, amejifunga taulo juu ya gauni lake la kuogelea. Ziara iliyopita shujaa wetu alipima maji, akadhani klorini imekwisha, akamwaga vijiko vinne, na mama wa watu akajikuna siku mbili. Sasa mama alikuwa ameapa kwamba maji yakiharibiwa tena atarudi kwake kesho, na hapa hatakanyaga tena. Shujaa alimpenda mama huyu kwa dhati, na kiapo hicho kilimkosesha raha.

Katika kichupa cha vipimo vya maji vilibaki viwili tu, vijikaratasi vyembamba vyenye vidoa vya kubadilika rangi. Akachovya cha kwanza, akakiinua juu kama mkuki.

"Enyi maji," akanguruma, "mlionifedhehesha mbele ya mkwe wangu, leo mtasema kweli. Nimenadi matrekta, nimenadi mafahali, nimenadi piano iliyokaliwa na panya, wala sauti haikunikauka. Beseni ni nani hata linishinde?"

Akaendelea hivyo mpaka jirani akafunga dirisha, ndipo akatazama kijikaratasi. Kidoa cha klorini kilikuwa kimepauka kabisa. Akaurukia mkebe wa dawa.

"Baba watoto, weka mkebe chini," akasema mkewe, ambaye alikuwa akisoma maelezo ya kichupa. "Wameandika usome baada ya sekunde kumi na tano. Wewe umehutubia dakika tatu, rangi imeshaondoka. Na ziara iliyopita ulifanya hivihivi."

"Sasa nifanyeje?"

"Unyamaze."

Tangu azaliwe, mtu huyu hakuwahi kunyamaza sekunde kumi na tano akiwa macho.

"Mwache ajaribu," akasema mama mkwe. "Nitahesabu mimi."

Bwana Mnadi akachovya cha mwisho. Mama akahesabu taratibu, bila huruma. Kwenye tano, shavu la shujaa lilianza kucheza. Kwenye nane, hotuba nzima ilimpanda kooni, akaimeza na mate. Kwenye kumi na moja, nzi akamtua puani, na jasho likamtoka simba wa minada, lakini mdomo, ndugu zangu, mdomo haukufunguka.

"Kumi na tano."

Akasoma. Klorini sawa, asidi sawa. Akaonyesha kwa kidole tu, macho yamemjaa machozi.

Mama mkwe akaliacha taulo kitini, akazamisha magoti, kisha mabega, akashusha pumzi ndefu.

"Maji mazuri, mwanangu. Nitakaa mpaka mwisho wa mwezi. Haya, sasa hutubia."

Bwana Mnadi akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani akakosa la kusema.

Na ikumbukwe vizazi na vizazi: kijikaratasi kile kimebandikwa kwenye mlango wa friji. Rangi zake zilikufa jioni ileile, hakipimi chochote tena, na ole wake atakayekigusa.