Hotuba ya Kuzindua Daraja la Kwenye Ramani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hajafika na ambaye nitamkaimu mimi mwenyewe, waheshimiwa viongozi wa pande zote mbili za mpaka, Mchungaji, Afande Ecodu wa polisi, akina mama wa kwaya, wana-bodaboda, stekiholda wote, na ninyi wananchi wa kawaida mlioketi juani kwa hiari yenu: mimi, Arthur Egesa, Mwenyekiti wa Kamati ya Pamoja ya Ramani, Mipaka na Maendeleo ya Kidijitali, nawasalimu! (Makofi kutoka kwa wenye viti.)

Ndugu zangu, kabla sijashika ofisi hii, mtu akifungua ramani kwenye simu alikuwa anaona Busia, anaona Tororo, halafu katikati weupe mtupu kama shuka la wageni. Leo, kupitia mkakati wangu jumuishi wa kujenga uwezo, intaneti imejaa masomo ya kuchora ramani, picha za setilaiti, na ramani huria ambayo yeyote mwenye simu anaweza kuongeza njia au kurekebisha kosa, na ofisi yangu imehakikisha kwamba vitu hivi vya bure vinapatikana bure! (Sauti ya mwanamke: "Si vilikuwa bure tangu zamani?") Ndiyo, mama, lakini sasa ni bure kwa kibali changu.

Takwimu hazidanganyi. Asilimia mia moja na nne ya njia zetu, kuanzia Nabuyoga hadi hapa, zimo kwenye ramani. (Mwanamke yule anasimama. Ni Ajambo, mkunga wa kijiji: "Hizo njia nilichora mimi, mheshimiwa! Nilijifunza huko onlaini, nikazitembea kwa mguu miezi saba, ndio gari ya wagonjwa ijue kwenye iko mama mwenye uchungu.") Mnaona? Huo ndio ushirikishwaji wa jamii! Mpigieni makofi, kisha akae.

Lakini njia ni mambo madogo. Mimi nimewaletea daraja. (Watu wanageuka kuangalia mto.) Msiangalie mto! Angalieni simu! Huo mstari mnene unaokatiza maji, wenye jina langu, umewekwa na afisa wangu wa ufundi, Edwin, kwa dakika tatu tu, wakati mataifa mengine yanachukua miaka mitano yakimwaga saruji hovyo. Wafadhili watalikagua Ijumaa, onlaini, wakiwa kwao, na nawahakikishia kwamba mvua zote za mwaka huu hazijalitikisa hata kidogo. (Kicheko nyuma.)

Nini tena, mama Ajambo? (Ajambo: "Juzi gari ya wagonjwa ilifuata hiyo mstari yako, ikafika kwa maji, ikarudi. Harriet akajifungulia kwa majani, damu ikatoka mpaka tukadhani amekufa. Sasa dada yake Nasirumbi amemaliza miezi, iko huko ng'ambo, ni leo ama kesho. Nakuomba, futa hiyo daraja!")

Nasikitika. Nasikitika sana, na nitaunda kamati ndogo. Lakini tuambiane ukweli: dereva alikuwa na haraka. Ramani iko sahihi. Mto ndio uliochelewa kutekeleza. Kulifuta daraja kabla ya Ijumaa ni kuwarudisha wananchi nyuma, na mimi nikiwa hai, haki ya Mungu, hakuna mtu atakayeligusa! (Ajambo ameinamia simu yake. Anabonyeza, anabonyeza tena. Edwin anaangalia yake, anamnong'oneza mheshimiwa sikioni.)

Limekwenda? Limekwenda wapi? Jamani! Huyu mama amebomoa daraja zima kwa kidole kimoja, mchana kweupe, mbele ya polisi! Afande Ecodu, mkamate! Uharibifu wa miundombinu ya umma! (Afande Ecodu, akitoa kitabu chake polepole: "Mabaki iko wapi, mheshimiwa, niandike?") Mabaki... Edwin, lirudishe! (Edwin: "Chaji imeisha, mheshimiwa." Vicheko, vigelegele. Ajambo hacheki, anafuta machozi kwa kiganja.)

Haya, tufunge, maana naona nidhamu imeshuka. Ramani hoyee! (Hoyee moja, ya Edwin.) Dijitali juu! (Watu wanaanza kukunja viti.) Nawashukuru wote mliohudhuria. Nawashukuru kwa namna ya pekee wenzetu wa ng'ambo, ambao kadi zangu za mwaliko ziliwaambia waje kwa miguu kupitia daraja jipya, na ambao tangu asubuhi nawaona pale ukingoni wakipunga mikono kwa furaha, na... Nani yule? Nasirumbi? Mama, unafanya nini? Usiingie majini na tumbo hilo, utazama! Mshikeni! Rudi, mama, zungukia barabara ya Mukuju! Hapa hakuna daraja!