Kisu cha Alhamisi

Alhamisi, 6 Juni

Nimenyang'anywa kisu. Mbele ya watu.

Utaratibu wa meza yetu unajulikana. Kila Alhamisi jioni, tukishafunga kazi, tunakutana kwenye ile baa ya nyama choma, meza ya pembeni karibu na jiko. Mmoja wetu anainuka, anakwenda kuchagua kipande, kinaletwa kizima juu ya ubao, na aliyekichagua ndiye anayekata na kuwagawia wenzake. Huyo mmoja ni mimi. Mwalimu hajui mbavu wala paja. Kinyozi anashika wembe kutwa, jioni hataki kuona kitu chenye makali. Kwa hiyo mimi, miaka nenda rudi. Dukani nauza miwani na hakuna anayeniita mkuu. Nyumbani ndiyo usiseme. Ni Alhamisi tu watu wananyoosha sahani kwangu na kusubiri.

Leo nilikuwa nawasimulia habari za mteja aliyerudisha miwani akidai inamwonyesha mkewe amezeeka. Kisa kitamu. Nikaweka kisu chini ili nisimulie kwa mikono yote miwili. Nyama ikaanza kupoa. Fundi Friji, ambaye Kinyozi alimleta mezani mwezi uliopita tu, akakichukua taratibu. Akasema endelea kaka, mimi nakusaidia. Akakata. Vipande sawasawa, kama vigae. Mwalimu akasema huyu jamaa ana mkono. Kinyozi akanyoosha sahani tena, aongezewe.

Kisa changu hakikuisha. Hakuna aliyeuliza mwisho wake.

Nimefika nyumbani hoi. Mke wangu akauliza mbona macho mekundu. Nikasema moshi.

Ijumaa, 7 Juni

Usingizi haukuja. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Basi dawa yake ni hiyo. Asubuhi nikachukua kisu cha mke wangu cha jikoni, nikakinoa dukani kwenye mashine ya kusagia vioo vya miwani. Kikawa kikali ajabu! Nikakijaribu kwa kidole.

Kidole kimefungwa bendeji. Mashine haisagi tena. Mke wangu anatafuta kisu chake tangu jioni, nami namsaidia kutafuta.

Jumatatu, 10 Juni

Wazo limekuja lenyewe, nikiwa natazama watoto wakicheza mpira mbele ya duka. Refa hachezi. Ndiyo maana anaaminiwa! Basi mgawa nyama naye asiwe mlaji. Nitawaambia daktari amenikataza nyama. Watanionea huruma, kisha wataona wenyewe kwamba asiyekula hana sababu ya kupendelea. Kisu kitarudi kwa hiari yao. Na nyama yangu nitaila kulekule jikoni nikienda kuchagua. Mchomaji ni mtu wangu.

Sijui kwa nini sikuingia kwenye siasa.

Alhamisi, 13 Juni

Imefanikiwa. Karibu yote.

Niliwaambia kwamba daktari amenikataza nyama. Mwalimu akavua miwani, niliyomuuzia mimi, akaipangusa muda mrefu. Nikasema sitaki kuwaharibia jioni, kuleni tu ndugu zangu, mimi nitakata. Fundi Friji akanisukumia kisu kabla sijamaliza sentensi. Kisha akauliza daktari gani. Hapo sikuwa nimejiandaa. Nikasema yule mrefu. Akasema angependa siku moja ampe mkono, maana madaktari wengine humficha mtu ukweli mpaka aanguke.

Tatizo lilikuwa jikoni. Nilipoinuka kuchagua, Fundi Friji naye akainuka. Eti asiniache peke yangu na majaribu. Mchomaji alikuwa ameshanikatia kipande changu cha kuonja, kina mafuta pembeni, bado kinachuruzika. Fundi akakipokea kwa niaba yangu. Akakila kwa huzuni.

Nimekata nyama jioni nzima na nimekula kiazi. Mate yalinijaa mdomoni hata kusimulia nikashindwa. Lakini kisu ninacho.

Ijumaa, 14 Juni

Mwalimu amempigia simu mke wangu kumpa pole. Shemeji usijali, tuko pamoja.

Mke wangu hakuniuliza kitu, na hicho ndicho kinachonitia hofu. Anajua mimi na hospitali hatupatani. Mwaka juzi jino liliponiuma alikwenda yeye kueleza linavyouma. Lakini leo amesikiliza simu hadi mwisho, amesema asante sana shemeji, kisha ameingia jikoni. Chakula cha jioni: kabichi ya kuchemsha, mimi. Kuku wa kukaanga, yeye, akimrarua kwa mikono maana kisu bado hakijaonekana. Alikaa mkabala nami. Akauliza kama yule daktari mrefu alisema lolote kuhusu chumvi. Kabla sijajibu, akaiondoa.

Jumanne, 18 Juni

Kabichi tena. Jana nilimpa mteja miwani ya mteja mwingine na wote wawili wakashukuru.

Leo mchana nimeshindwa. Nikafunga duka, nikaenda baa peke yangu, nikajificha kule nyuma karibu na sinki za kunawia. Nikaagiza mbavu. Mungu wangu! Nilikula nimefumba macho. Nilipoyafumbua, Fundi Friji alikuwa amesimama mlangoni na begi lake la vifaa. Ameitwa kutengeneza friji ya vinywaji.

Mbavu mbili zilizobaki nikazitumbukiza kwenye mfuko wa duka, juu ya miwani ya mteja. Sahani ya mifupa sikuiwahi. Akaitazama. Akanitazama mimi. Nikasubiri aibu yangu ifike. Yeye akaweka begi chini, akaketi, akanishika bega.

"Umekuja kunusa tu, kaka?"

Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Akajifuta macho kwa kitambaa chenye grisi.

Mteja amechukua miwani jioni. Akalalamika kwamba dunia nzima ina ukungu. Nikamwambia macho yatazoea.

Alhamisi, 20 Juni

Nimechoka kuliko siku zote.

Nilifika baa nikawakuta wote wameshakaa kama kikao cha ukoo. Kisu kilikuwa mahali pangu, kimefutwa vizuri, kimelazwa juu ya karatasi. Mwalimu akasimama kama anavyosimama darasani. Akasema Fundi amewaeleza alivyonikuta, mtu mzima mwenye familia yake, nimekaa mbele ya mifupa ya mtu mwingine. Imewauma sana. Kwa hiyo wamekubaliana: meza hii nyama basi, mpaka nipone. Wote. Hata Kinyozi, ambaye kwenye mfupa haachi kitu cha paka. Kinyozi aliitikia ameinamisha kichwa.

Likaletwa boga la kuchemsha. Zima, juu ya ubao.

Wakanyoosha sahani, nikakata. Lilikuwa laini, kijiko kingetosha. Mchomaji alitutazama kutoka jikoni akidhani tumefiwa.

Mwalimu na Kinyozi walipokwenda kunawa, tukabaki mimi na Fundi. Nikamchokonoa kidogo, kwa ujanja, nijue kama bado anakimezea mate kisu changu. Akacheka.

"Kisu cha nini, kaka? Tangu mke wangu afariki nakula nimesimama, ndani ya sufuria. Mimi nilikuwa natafuta meza tu. Siku ile nilikata kwa sababu kisa chako kilikuwa kizuri, sikutaka ukikatize."

Kisha akauliza yule mteja aliishia wapi na ile miwani inayozeesha mke.

Nikafungua mdomo. Nilitaka kumwambia kila kitu. Neno lilikuwa hapahapa mdomoni. Yeye akadhani ni njaa, akanipa kipande chake cha boga. Nikakila. Wenzetu wakarudi.

Njiani nimelia. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Mtu anajinyima nyama kwa ajili yangu, na mimi nampiga vita kwa sababu ya kisu cha baa. Aibu gani hii? Lazima iishe. Alhamisi ijayo kila mtu ale nyama, Fundi wa kwanza, kipande chenye mafuta pembeni, na nitampa kwa mkono wangu.

Ijumaa, 21 Juni

Nimewaza usiku kucha namna ya kuimaliza. Kusema kweli haifai, itawaumiza. Wamejitoa mno watu wale. Lakini njia ipo, tena nyepesi. Nitawaambia yule daktari mrefu amefariki. Ghafla tu. Na katazo lake limekwenda naye. Mwalimu atanipa pole, Fundi atasikitika kidogo, kisha tutaagiza mbavu. Sioni panapoweza kuharibika.

Nimeanza na mke wangu, kwa majaribio. Akaacha kutafuna kuku. Akauliza mazishi ni lini, maana wenzangu jinsi walivyo lazima watataka kuzika, na yule Fundi atataka kubeba jeneza.

Nimemwambia anapenda kukuza mambo. Anapiga pasi shati langu jeusi.